Watoto wanafanya vizuri mazoezini, lakini siku ya mechi wanasahau kila kitu: kosa liko wapi?

Mwalimu Kipenga (mwuliza swali)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwalimu wa darasani niliyekabidhiwa timu ya mpira wa miguu ya watoto wa miaka 9 hadi 11 kwa sababu moja tu, kwamba hapakuwa na mwingine aliyekuwa tayari kuichukua. Sikusomea ukocha. Nilicheza mpira ujanani, na hadi leo ninawafundisha watoto hawa kama nilivyofundishwa mimi: tunapasha misuli kwa kuzunguka uwanja, tunajipanga mistari, tunapeana pasi, tunakokota mpira kati ya koni, na dakika kumi za mwisho tunacheza. Nina watoto 18, wavulana na wasichana, mipira 6, koni za kutosha, na saa moja mara mbili kwa wiki.

Linalonitatiza ni hili. Mazoezini wanapendeza kuwatazama. Pasi za ndani ya mguu zinafika zinakokusudiwa, na wapo wanaopita katikati ya koni bila kugusa hata moja. Lakini kipenga cha mechi kikilia, yote hayo yanayeyuka. Wote wanaukimbilia mpira kama nyuki waliochokozwa, na anayeupata anaubutua mbele bila kuinua kichwa, hata kama mwenzake amesimama peke yake hatua tano kutoka pale alipo. Nami pembeni ninapaza sauti mpaka inakauka: toa pasi, tanueni uwanja, rudi nyuma, mtazame mwenzako! Kadiri ninavyopaza sauti ndivyo wanavyozidi kuchanganyikiwa, na wiki iliyopita mtoto mmoja aliniambia kwa adabu kabisa, "Mwalimu, ukiniita jina mimi husimama kwanza nikusikilize, ndipo wananinyang'anya mpira." Neno hilo limenikaa moyoni.

Naomba mnisaidie kwa mambo mawili. Je, niongeze mazoezi ya pasi na koni mpaka yawaingie, au tatizo liko kwenye mazoezi yenyewe? Na siku ya mechi niseme nini, na ninyamaze lini? Nakiri pia kwamba watoto wawili wameacha kuja tangu mwezi uliopita, na sina uhakika kama sababu si mimi.

Mkufunzi wa Vijana

Mwalimu, pole na hongera. Pole kwa mzigo uliotwishwa bila maandalizi, na hongera kwa kuuliza mapema, maana wengine wetu tulipoteza miaka tukiwalaumu watoto kabla ya kujitazama.

Tuanze na hesabu ndogo. Chukua zoezi lako la koni, tuseme mtoto anatumia sekunde 20 kwenda na kurudi, na kila mstari una watoto 9. Mzunguko mmoja unakula sekunde 180. Katika robo saa, yaani sekunde 900, kila mtoto anapata zamu tano: sekunde 100 akiwa na mpira, na sekunde 800 akiwa amesimama nyuma ya mgongo wa mwenzake. Hapo ndipo wanapoanza kusukumana na kung'oa nyasi, nasi tunawaita watukutu. Kabla hujabadilisha lolote, mwombe mtu akae pembeni, amfuate mtoto mmoja tu kwa macho kipindi kizima, na ahesabu ameugusa mpira mara ngapi. Mchague mtoto mkimya, asiwe yule hodari, kwa sababu hodari hujitafutia mpira hata pasipokuwa na nafasi.

Hata hivyo foleni ni kosa dogo ukiilinganisha na hili la pili, kwamba koni hainyang'anyi mpira. Katika mechi pasi ina sehemu tatu: kuona, kuamua na kupiga. Mtoto anapaswa kuona mwenzake yuko wapi na mpinzani anatokea upande gani, aamue kama atatoa pasi, atakokota au ataugeuza mchezo, ndipo mguu ufanye kazi yake. Kwenye mistari miwili inayotazamana, wewe umemfanyia sehemu mbili za mwanzo, kwani wa kumpa pasi ni yule yule, mahali ni pale pale, na hakuna wa kumzuia. Amejifunza theluthi moja ya pasi, kisha siku ya mechi unamdai pasi nzima. Ndiyo maana sidhani kama wanasahau. Hawajawahi kukutana na kitu unachowataka wakikumbuke.

Wazo hili lina umri mkubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka 1982 David Bunker na Rod Thorpe wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, walipendekeza somo la michezo lianzie kwenye mchezo wenyewe, ukiwa umepunguzwa ukubwa na sheria kulingana na umri, mtoto akutane kwanza na tatizo, aulizwe angelitatuaje, na mbinu ya mguu au mkono ifundishwe pale anapoiona haja yake. Nao watafiti Shea na Morgan, katika jaribio la mwaka 1979, waliwafundisha watu mifuatano mitatu ya kusogeza mkono: kundi moja lilirudia mfuatano mmoja mpaka uishe ndipo likaenda kwenye wa pili, na kundi jingine likachanganyiwa yote mitatu. Wakati wa kujifunza, waliorudia jambo moja walionekana hodari zaidi. Walipopimwa baadaye, waliochanganyiwa ndio waliofanya vizuri. Miaka michache baadaye matokeo ya namna hiyo yalionekana pia kwa watu waliojifunza aina tatu za kuanzisha mpira katika mpira wa vinyoya. Kwa hiyo zoezi linalopendeza kulitazama linaweza kuwa ndilo linaloacha kidogo, na zoezi lenye makosa mengi na kelele nyingi likawa linafanya kazi yake polepole.

Sasa uwanjani. Mgawanyo wako unanifurahisha, kwa sababu watoto 18 na mipira 6 vinaingia vizuri kwenye viwanja vitatu vidogo, watatu dhidi ya watatu, mpira mmoja ukichezwa na mwingine ukiwa pembeni tayari ili mchezo usisimame mpira ukitoka. Kiwanja cha hatua 25 kwa 18 kinatosha. Badala ya kuzunguka uwanja, anza na vikundi sita vya watoto watatu, kila kikundi na mpira wake, wawili wakipeana na mmoja katikati akiuwinda. Dakika nane za namna hiyo zinapasha mwili na macho kwa pamoja. Kisha waingie kwenye mchezo bila hotuba. Baada ya robo saa wasimamishe, uwaulize swali moja tu, kwa mfano: ulipokuwa na mpira, nani alikuwa huru, na ulijuaje? Wape nafasi ya kufikiri hata ukimya ukikukera. Ndipo uwapeleke kwenye zoezi la wawili dhidi ya mmoja kwa dakika kumi, na saa iliyobaki irudi kwenye mchezo.

Ukitaka jambo fulani litokee mara nyingi, badilisha uwanja au hesabu ya magoli kabla ya kubadilisha sauti yako. Ukitaka watanue uwanja, weka magoli mawili madogo kila upande, moja karibu na kila kona. Dakika tano hazitaisha kabla ya mtoto mmoja kugundua kwamba nyuki wote wamekusanyika kwenye goli la kushoto na la kulia halina mlinzi. Ukitaka pasi, goli lililotokana na pasi lihesabiwe mawili. Usipige marufuku kukokota mpira wala kuweka sheria ya kugusa mara mbili tu kwa umri huo, maana mtoto wa miaka 9 anayekatazwa kuukokota mpira hatajifunza kumpita mtu. Na sheria isizidi moja kwa wakati mmoja. Nimewahi kuona kocha akiweka nne, watoto wakacheza sheria badala ya mpira.

Beki Mstaafu

Nimesoma maelezo ya Mkufunzi kwa makini na mengi nayakubali, ila naona tunaelekea kuutupa mbeleko pamoja na mtoto. Mimi ni zao la mistari na koni. Mtoto ambaye mpira ukimfika unaruka kutoka mguuni kwake hatua tatu, utamuuliza nani alikuwa huru ili iweje? Hana muda wa kuinua kichwa kwa sababu macho yake yote yako kwenye mpira anaouhangaikia. Kutuliza mpira kunahitaji kurudiwa mara nyingi mno, na katika mchezo wa watatu dhidi ya watatu mtoto dhaifu anaweza kumaliza dakika kumi bila kupewa pasi hata moja, kwa sababu wenzake nao si wajinga, wanajua nani ataupoteza.

Ninachopendekeza ni kurudia bila foleni. Ukuta ni mwalimu mvumilivu kuliko sisi sote: mtoto mmoja, mpira mmoja, anapiga na kutuliza, mguu wa kulia na wa kushoto, karibu na mbali. Mwalimu ana mipira sita tu, lakini watoto wengi wana chochote cha kupiga nyumbani, na robo saa ya jioni mbele ya ukuta inajumlisha mambo ambayo saa mbili za wiki haziwezi.

Pili, yapo mambo ambayo sitaki yajifunzwe kwa kubahatisha ndani ya mchezo hata kidogo, kwa kuwa kosa lake ni jeraha. Kutua chini baada ya kuruka, magoti yakiwa yamekunjwa na hayaangukii ndani. Mlinda mlango kuanguka ubavuni bila kutanguliza kiwiko. Beki kuingilia mpira bila kumvunja mwenzake. Hayo hufundishwa polepole, mmoja mmoja, bila mpinzani, mpaka yakae. Kuhusu kupiga mpira kwa kichwa, kwa umri wa watoto hawa usifundishe kabisa. Shirikisho la soka la Marekani lilizuia jambo hilo mwaka 2015 kwa watoto wa miaka 10 na chini yake na kuliwekea mipaka mazoezini kwa wa miaka 11 hadi 13, na mwaka 2020 Uingereza nayo ikatoa mwongozo kwamba watoto wa umri wa shule ya msingi wasifanye mazoezi ya vichwa. Katika mchezo wa watatu dhidi ya watatu, kwa bahati nzuri, mpira haupandi juu mara nyingi.

Mkufunzi wa Vijana

Mzee wangu, hapo hatuna ugomvi, hasa juu ya kutua na kuanguka. Juu ya mtoto asiyepewa pasi umenishika pabaya, kwa sababu ni kweli hutokea na mara nyingi kocha haoni. Dawa ninayotumia ni kuvipanga viwanja kwa uwezo, dhaifu wacheze na wanaolingana nao kwa sehemu kubwa ya kipindi, kisha niwachanganye mwishoni. Siviiti viwanja kwa majina ya ngazi, na watoto huhama kila wiki, ili asiwepo wa kujiona amewekwa jalalani.

Kinachobaki kati yetu ni mpangilio. Wewe unaanza na ufundi ili mchezo uje baadaye. Mimi naanza na mchezo ili mtoto aombe ufundi mwenyewe. Mtoto aliyepoteza mpira mara tatu kwa sababu haukutulia mguuni husikiliza somo la kutuliza mpira kwa masikio mengine kabisa.

Mshauri wa Wachezaji

Naomba niligusie swali la pili la Mwalimu, ambalo naona limesahauliwa, yaani sauti ya pembeni. Mtoto aliyesema kwamba husimama kwanza ili asikilize amelieleza jambo kwa usahihi. Kusikiliza maneno, kuyaelewa na kuyageuza kuwa tendo huchukua muda, na katika muda huo mchezo umekwisha kubadilika, kwa hiyo agizo linapomfikia tayari limechakaa. Na mtoto anayeelekezwa kila hatua hujifunza kungoja maelekezo. Unapomwambia "toa pasi" kabla hajaona, umeuona uwanja kwa niaba yake, na kesho utalazimika kuuona tena.

Nawashauri makocha wagawe siku ya mechi hivi. Kabla ya kuanza, jambo moja tu, lile lile lililofanyiwa kazi wiki hiyo, kwa sentensi ambayo mtoto anaweza kuirudia. Mechi ikiendelea, zungumza na walio benchi: mkalishe mtoto karibu nawe, muulize anaona nafasi iko wapi, naye akiingia ataingia na macho yake. Kwa walio uwanjani, pongezi fupi kwa jitihada na kwa uamuzi mzuri, hata kama pasi imeishia kwa mpinzani. Nataka kusisitiza hilo la mwisho. Mtoto akiinua kichwa, akamwona mwenzake, akajaribu kumpa na mguu ukamsaliti, amefanya kitu ulichokuwa ukikililia mwezi mzima. Ukimkemea kwa sababu mpira umepotea, mechi ijayo ataubutua mbele, kwa kuwa anayebutua hakemewi.

Kuhusu watoto walioacha kuja, wanasaikolojia Ronald Smith na Frank Smoll wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walitumia miaka mingi wakitazama makocha wa besiboli ya watoto. Waliandaa mafunzo mafupi yaliyowahimiza makocha kusifu jitihada, kumtia moyo aliyekosea, kumwonyesha namna ya kusahihisha bila kumdhalilisha, na kuacha adhabu. Katika utafiti waliouchapisha pamoja na Nancy Barnett mwaka 1992, asilimia 26 ya watoto wa makocha wasiopata mafunzo hawakurudi msimu uliofuata, ilhali kwa makocha waliofundishwa ilikuwa asilimia 5. Makocha waliohusika walikuwa wachache, na tusiichukue tofauti hiyo kama kipimo cha kila mahali, lakini mwelekeo wake hauna utata. Timu zenyewe zilishinda kwa viwango vilivyokaribiana, kwa hiyo waliobaki hawakubakizwa na vikombe.

Siwaambii mwalimu awe anasifu tu. Sifa ya jumla jumla, "safi sana" kwa kila mtu na kwa kila kitu, watoto huigundua mapema na kuipuuza. Msimu wa 1974 hadi 1975, watafiti Ronald Gallimore na Roland Tharp walikaa wakiandika kila tendo la ufundishaji la John Wooden, kocha wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), aliyeshinda mataji 10 ya vyuo vikuu vya Marekani. Walihesabu matendo 2,326, na robo tatu yake hivi yalikuwa maelezo ya jambo la kufanya na namna ya kulifanya; sifa hazikufika hata asilimia 7, na karipio nalo halikufika. Wachezaji wake walikuwa vijana wa chuo kikuu, hivyo tusimwige kwa kila kitu mbele ya watoto wa miaka 9. Ninachokiazima kwake ni ufupi: maelezo yake yalikuwa ya sekunde chache, juu ya kitu kimoja, kisha kazi ikaendelea.

Jambo dogo la mwisho juu ya maneno yenyewe. Tafiti za Gabriele Wulf na wenzake, kuanzia mwaka 1998, zimeonyesha mara nyingi kwamba mtu hujifunza tendo la mwili vizuri zaidi akielekeza mawazo kwenye matokeo ya tendo kuliko kwenye kiungo chake. Badala ya "kaza kifundo, fungua nyonga", jaribu "mpira uviringike chini mpaka kwenye mguu wake wa mbele". Mtoto anaijua picha hiyo. Nyonga yake haijui.

Mwalimu Kipenga

Ndugu zangu, mmenisaidia kuliko nilivyotarajia, na nimeanza kwa kumwomba mwenzangu wa ofisini ahesabu. Alimfuata msichana mmoja mkimya kipindi kizima cha mtindo wangu wa zamani, akaniletea karatasi yenye namba 34. Saa nzima, mara 34. Niliona aibu, nikaikunja karatasi ile na kuitia mfukoni.

Nina maswali mawili yaliyozuka. Yupo msichana wa miaka 11 aliyekuwa hodari kuliko wote, lakini miezi ya karibuni amerefuka ghafla, anajikwaa, anakosa mipira ya kawaida, na sasa analalamika maumivu chini ya goti. Wenzake wanasema amelewa sifa. Kwa upande mwingine ninaye mvulana mdogo wa umbo, mwenye akili ya mchezo inayonishangaza, ambaye kila tukicheza na timu nyingine anasukumwa mpaka anaangukia mstari. Kuna mashindano yanakuja na ninatakiwa kuchagua watoto 12. Nimwache?

Tabibu wa Viungo

Mwalimu, msichana wako hajalewa sifa, amekua. Kwa wastani kasi ya kurefuka hufikia kilele karibu na miaka 12 kwa wasichana na karibu na miaka 14 kwa wavulana, huku tofauti kati ya mtoto na mtoto ikiwa kubwa, kwa hiyo miaka 11 ni umri wa kawaida kabisa kwa hilo kuanza. Mifupa hurefuka kwanza, misuli na kano zikibaki nyuma kidogo, na ubongo uliozoea miguu mifupi unaendesha miguu mipya. Kujikwaa kwake kutapita. Mweleze hivyo yeye na wazazi wake, na uwaeleze wenzake pia, maana kila mmoja wao zamu yake inakuja.

Maumivu ya chini ya goti, pale kano inapojishika kwenye mfupa wa muundi, ni ya kuchukuliwa kwa uzito. Mara nyingi kwa umri huo ni tatizo liitwalo Osgood-Schlatter, linalosababishwa na kano kuvuta mahali ambapo mfupa bado ni laini. Kisigino nacho huwa na tatizo la aina hiyo, liitwalo Sever. Kwa kawaida huisha ukuaji ukitulia, lakini aonwe na mhudumu wa afya ili sababu nyingine ziondolewe, na wewe upunguze kuruka, kukimbia kwa kasi na kupiga mashuti mazito kwa kiasi kinachoyafanya maumivu yatulie. Asiambiwe avumilie. Muulize pia kama anacheza mahali pengine, kwa kuwa mtoto wa namna hiyo huwa ana timu tatu na kila kocha anadhani ni yeye peke yake. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri angalau siku moja au mbili za mapumziko kwa wiki, na mtoto asibanwe kwenye mchezo mmoja tu kabla ya miaka 15 au 16 hivi. Kuna kipimo rahisi ambacho wengi wetu hukitumia: saa za mazoezi ya mpangilio kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto.

Kuhusu mvulana mdogo, kabla ya kumwacha tazama tarehe za kuzaliwa za watoto wako wote 18. Aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba ya mwaka ule ule wanaitwa rika moja, ingawa kwa watoto wa miaka 10 tofauti hiyo inakaribia sehemu moja ya kumi ya maisha yao yote. Watafiti wa Kanada waliliona jambo hili katika mpira wa magongo wa barafuni tangu miaka ya 1980, timu zikiwa zimejaa waliozaliwa miezi ya mwanzo, na tangu hapo limeonekana katika michezo mingi na nchi nyingi. Tunadhani tunachagua vipaji, kumbe tunachagua miezi. Kisha aliyechaguliwa anapata kocha bora na mechi nyingi, naye aliyeachwa anabaki nyuma kwa sababu aliachwa, nasi tunasema tulikuwa sahihi.

Norway iliweka kanuni za michezo ya watoto mwaka 1987 na kuzipitia upya mwaka 2007. Chini ya miaka 11 hakuna orodha za matokeo wala misimamo ya ligi, na mashindano ya ubingwa wa taifa hayafunguliwi mpaka mwaka mtoto anapotimiza 13. Nchi hiyo ndiyo iliyoongoza kwa medali 39 katika Olimpiki ya majira ya baridi ya 2018. Siwezi kusema kanuni ndizo zilizoleta medali, kwa kuwa wana theluji, fedha na mengine mengi. Ninachosema ni kwamba kutowachuja watoto mapema hakukuwazuia.

Kama sheria za mashindano zinakulazimisha 12, muulize mwandaaji kama unaweza kuingiza timu mbili za watoto tisa tisa. Waandaaji wengi hukubali kuliko tunavyodhani, kwa kuwa timu zikiongezeka nao wanafurahi.

Mwalimu Kipenga

Narudi baada ya wiki sita, kama nilivyoona wengine humu wakifanya, ili nisiwaache hewani.

Mwandaaji alikubali timu mbili. Tumefungwa mechi tatu, tumeshinda moja, na moja tulitoka sare. Nyuki bado wapo, hasa dakika za mwisho watoto wakichoka, lakini mara kadhaa nimeona mtoto akiondoka kwenye kundi kwa hiari yake, akaenda kusimama pembeni peke yake akingoja. Mara ya kwanza hakupewa mpira. Hata ya pili. Ya tatu alipewa, akapiga nje, na wenzake wakampigia makofi bila mimi kusema neno.

Kunyamaza ndiko kulikonishinda. Mechi ya kwanza nilijiwekea kipenga mdomoni, nikakiuma bila kukipuliza ili nisiweze kupaza sauti, na mzazi mmoja akaniuliza kama ninaumwa jino. Wazazi niliwaomba wapige makofi tu, maagizo waniachie mimi; wengi wamejitahidi, wawili bado wanafundisha kutoka upande wa pili wa uwanja. Ushauri wa ukuta nao umefanya kazi, hasa kwa msichana wa namba 34. Mwenzangu alipojaribu kumhesabu tena kwenye mchezo wa watatu dhidi ya watatu, alifika njiani akaacha, akasema hawezi kufuatana naye.

Msichana mwenye goti alionwa, likathibitishwa kuwa ni lile alilolitaja Tabibu, na sasa anacheza nusu ya muda na kunisaidia kuuliza maswali. Kati ya watoto wawili walioacha, mmoja amerudi. Mwingine nilimtembelea, anafanya riadha, anafurahia, na sikumwomba arudi.

Limebaki moja. Mtoto anayekaa golini ni yule yule kila mechi kwa sababu anajitolea na wengine hawataki. Nimwachie?

Beki Mstaafu

Usimwachie. Kwa umri huo zungusha, kila kipindi mlinda mlango mwingine, na yeye apate miguu yake uwanjani kama wenzake. Anza na wale wanaokataa kwa sauti ndogo, ukiwa umewafundisha kuanguka kwanza. Na mechi ya kwanza ya kila mmoja golini, asimame mtu nyuma ya goli, asiseme kitu, awe anamrudishia mipira tu.